Jina Moja, Nyumba Nne: Historia ya Madison Square Garden ya New York

Juu ya stesheni ya reli iliyozikwa chini ya ardhi, baina ya Barabara ya Saba na Barabara ya Nane katika kisiwa cha Manhattan, limesimama jumba la mviringo lisilo na mche wala ua, nalo laitwa bustani. Wala halipakani na kiwanja cha Madison kilicholipa jina lake. Atokaye huko kwa miguu hana budi kuivuka mitaa kadhaa kabla hajalifikia. Mgeni akiuliza sababu, mwenyeji aghalabu hana jawabu, maana alizaliwa akalikuta jina, na baba yake alizaliwa akalikuta vivyo hivyo. Jawabu limo katika historia: jumba hili ni la nne kuitwa Madison Square Garden, matatu yaliyolitangulia yalibomolewa moja baada ya jingine, na kila lilipoanguka moja, jina lilisalimika, likahamishiwa nyumba mpya kama msahafu wa ukoo utolewavyo katika nyumba mbovu kabla ukuta haujaporomoka. Tarehe 31 Mei 2029 jina hilo litatimiza miaka 150, na kurasa hizi zimeandikwa ili siku hiyo ifikapo, wanaoingia mlangoni na tiketi mkononi wajue wanaingia wapi.

Banda la treni, 1871–1889

Haja iliyouzaa ukumbi huu haikuwa ya anasa tupu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, New York ilikuwa ikijaa watu kila meli ilipotia nanga. Ilikuwa na majumba ya tamthilia kwa wenye mali na vilabu vya pombe kwa wachovu, lakini mahali ambapo watu elfu kumi wangeketi pamoja na kulitazama jambo moja palikuwa adimu. Mahali hapo palipatikana kwa bahati. Mwaka 1871 stesheni mpya ya Grand Central ilifunguliwa katika Mtaa wa 42, na banda kuukuu la reli ya New York na Harlem, lililokuwa pembeni mwa kiwanja cha Madison penye Mtaa wa 26, likabaki bila kazi. Mwaka 1874 bwana wa sarakasi, P. T. Barnum, alilikodi akaligeuza kuwa uwanja wa mashindano ya magari ya farasi na maonyesho ya wanyama; baada yake akaja kiongozi wa bendi, Patrick Gilmore, akaliita Bustani ya Gilmore, na humo mwaka 1877 yakafanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya mbwa ya Westminster, ambayo yangali yakifanyika hadi zama zetu. Hapo ndipo neno "bustani", yaani Garden, lilipoingia, nalo halikutoka tena.

Mwenye milki, William Kissam Vanderbilt wa ukoo wa matajiri wa reli, alilirudisha mikononi mwake, na tarehe 31 Mei 1879 akalifungua kwa jina la Madison Square Garden, kwa heshima ya kiwanja kilichokuwa mbele yake, ambacho nacho kilikuwa kimepewa jina la James Madison, raisi wa nne wa Marekani. Ilikuwa nyumba maskini kwa sifa kubwa iliyobeba. Haikuwa na paa: wakati wa joto watazamaji waliungua, na wakati wa baridi waliganda. Hata hivyo walikuja. Walikuja mwaka 1882 kumtazama Jumbo, ndovu wa Afrika ambaye Barnum alimnunua London, na mwaka huo huo wakaja kumtazama bondia John L. Sullivan, ingawa sheria ya wakati ule ilikataza ndondi za ushindani na mapambano yakawa hayana budi kupitishwa kwa jina la maonyesho. Uwezo wa kukusanya watu ulidhihirika. Kilichokosekana ni nyumba yenye kustahili. Mwaka 1889 banda likabomolewa.

Mnara wa Diana, 1890–1925

Jumba la pili lilifunguliwa tarehe 16 Juni 1890, na katika yote manne hili ndilo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili zaidi kuhifadhiwa na ndilo ambalo kupotea kwake kunauma hata kwa mtu ambaye hakulidiriki. Wenye mali, J. P. Morgan miongoni mwao, walitoa fedha. Usanifu ukakabidhiwa Stanford White. Alijenga ukumbi wa watu wapatao elfu nane, akauzungushia jumba la tamthilia, mkahawa na bustani ya juu ya paa, na pembeni akasimamisha mnara uliopita majengo karibu yote ya mji kwa urefu.

Msomaji wa pwani na autazame mnara huo kwa makini. White aliuiga kutoka Giralda ya Sevilla, katika Hispania, na Giralda kwa asili yake si mnara wa kanisa: ulijengwa katika karne ya 12, katika dola ya Muwahidina, uwe mnara wa msikiti mkuu wa mji, na kengele zilipandishwa juu yake baada ya utawala kubadilika. Kwa hiyo umbo lililobuniwa ili mwadhini asikike mbali lilivuka bahari ya Atlantiki, likasimama juu ya viwanja vya ndondi na farasi vya New York, na kileleni pake, mahali pa mwezi au msalaba, akawekwa Diana, mungu wa uwindaji wa Warumi, kazi ya mchongaji Augustus Saint-Gaudens. Sanamu ya kwanza ilionekana kubwa mno, ikaondolewa. Ya pili, nyepesi zaidi, iliangazwa kwa taa za umeme, jambo lililokuwa ajabu wakati ule, nayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya Philadelphia. White mwenyewe aliuawa kwa risasi juu ya paa la jumba hilo mwaka 1906. Magazeti yalishiba habari zake. Hapa inatosha kusema kwamba jumba lilimpoteza msanifu wake humo humo ndani.

Katika ukumbi huo mchezo mmoja ulipata umbo ambalo ungali nalo duniani. Mashindano ya baiskeli ya siku sita yalikuwa yakiendeshwa na mtu mmoja mmoja, mchana na usiku, hata waendeshaji wakaanza kuona vivuli visivyokuwapo na kuanguka kwa usingizi. Mwishoni mwa karne sheria ikapitishwa kwamba hapana mtu atakayeendesha zaidi ya saa 12 katika siku moja. Wenye mashindano wakatafuta hila ya halali: timu ya watu wawili, mmoja akishindana na mwenziwe akipumzika, na wapokezanapo, aliyechoka humshika mkono mwenziwe na kumrusha mbele kwa nguvu zote alizobakiza. Mchezo huo unaitwa madison, nao umo katika Michezo ya Olimpiki. Waendeshaji wengi waushindaniao hawajapata kuliona hata jiwe moja la nyumba iliyoupa jina.

Lakini nyumba ilikuwa ghali kuliko mapato yake. Kampuni ya bima ya New York Life iliishika kwa rehani, na miongoni mwa kazi kubwa za mwisho zilizofanyika humo ukawa mkutano mkuu wa chama cha Democratic wa mwaka 1924, ambamo wajumbe walipiga kura mara 103, katika joto la kiangazi, kabla hawajaafikiana juu ya mgombea wao, John W. Davis. Mwaka uliofuata jumba likabomolewa, na kampuni ya bima ikajenga makao yake papo hapo.

Jumba la Rickard, 1925–1968

Tex Rickard, mtayarishaji wa mapambano ya ndondi, alikuwa na busara moja kubwa: alitambua kwamba alichokuwa akikihitaji si kiwanja cha Madison bali jina lake. Akanunua ardhi katika Barabara ya Nane, baina ya Mtaa wa 49 na wa 50, akamwajiri msanifu Thomas Lamb, na jumba likasimama katika siku 249. Ufunguzi rasmi ulikuwa tarehe 15 Desemba 1925, kwa mchezo wa hoki ya barafuni. Mwaka 1926 Rickard aliianzisha timu yake mwenyewe, na waandishi wa magazeti, wakichezea jina lake, wakaiita Rangers wa Tex. Timu hiyo ndiyo New York Rangers ya leo. Alifariki Januari 1929, asidiriki kuona ni wangapi wangepita katika mlango wake.

Tusilipambe jumba hili kwa sifa lisizokuwa nazo. Lilijengwa kwa ajili ya ulingo uliowekwa katikati, na kwa mchezo mwingine wowote viti vingi vilikuwa vibaya. Hewa ilikuwa nzito, na moshi wa sigara na biri ulining'inia juu ya ulingo kama ukungu wa alfajiri juu ya mto. Lakini kwa mwanandondi wa zama zile kupigana humo ilikuwa ndiyo shahada, na humo Joe Louis alipigana mara yake ya mwisho, tarehe 26 Oktoba 1951, akashindwa na Rocky Marciano.

Mpira wa kikapu uliingia kwa juhudi ya mwandishi wa michezo kijana, Ned Irish, aliyeona vyuo vikuu vya mji vikicheza katika vyumba vidogo ilhali watu wakirudishwa milangoni. Tarehe 29 Desemba 1934 alipanga michezo miwili katika usiku mmoja, na watu zaidi ya 16,000 wakalipa. Kutoka usiku huo kikapu cha vyuo kilipata mashindano ya mwaliko ya taifa mwaka 1938, na mwaka 1946 ikaja timu ya kulipwa ya Knicks, ambayo Irish aliiongoza tangu mwanzo. Mwaka 1951 ilikuja fedheha: iligunduliwa kwamba wachezaji kadhaa wa vyuo walipokea fedha za wacheza kamari ili wapunguze pointi, na imani ya watu ikachukua miaka kurejea.

Ukumbi wa kukodishwa hupokea sauti za kila namna. Machi 1937 umati ulijaa humu kumpinga Hitler. Na tarehe 20 Februari 1939 watu wapatao 20,000 walijaa humu humu kumshangilia, katika mkutano wa jumuiya ya Wajerumani wa Marekani waliofuata itikadi yake, huku maelfu wakiandamana nje kuupinga. Taasisi yenye kujiheshimu huiandika siku ya pili sawasawa na ya kwanza.

Juu ya stesheni, 1968 hadi sasa

Jumba la nne lina dhambi ya kuzaliwa nayo, na aipendaye taasisi hii hana budi kuitaja mwenyewe kabla hajatajiwa. Stesheni ya Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilikuwa na nguzo za mawe na dari za vioo zilizomfanya msafiri ajihisi ameingia katika mji wenye taadhima. Kampuni ya reli, ikiwa katika dhiki ya fedha, iliuza haki ya kujenga juu ya njia zake, na kampuni ya Garden, ikiongozwa na Irving Mitchell Felt, ikanunua. Ubomoaji ulianza Oktoba 1963. Nguzo zilichukuliwa kwa malori na kutupwa katika mabwawa ya New Jersey. Uchungu wa wenyeji ulizaa sheria ya mwaka 1965 ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ya mji, ambayo imeyanusuru majengo mengi tangu hapo, lakini stesheni haikuirudisha.

Jumba lenyewe, kazi ya msanifu Charles Luckman, lilifunguliwa tarehe 11 Februari 1968. Paa lake linashikwa na kamba za chuma kutoka ukingoni hadi katikati, hata chini yake hapana nguzo ya kumziba mtu macho, na barafu ya hoki imetandazwa ghorofa kadhaa juu ya barabara, treni zikipita chini yake.

Miaka mitatu ya mwanzo ilitosha kulipa heshima. Mwaka 1970 Knicks walitwaa ubingwa humo, katika usiku ambao nahodha Willis Reed alichechemea kuingia uwanjani na mguu ulioumia. Tarehe 8 Machi 1971, mbele ya watazamaji 20,455, Muhammad Ali na Joe Frazier, wote wawili wakiwa hawajapata kushindwa, walikutana kwa malipo ya dola milioni 2.5 kila mmoja. Katika raundi ya 15 ngumi ya kushoto ya Frazier ilimpata Ali tayani, Ali akaanguka chali, miguu ikapaa. Akasimama kabla hesabu haijaendelea mbali, akamaliza pambano kwa miguu yake, akashindwa kwa pointi. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, George Harrison na Ravi Shankar waliwaita wanamuziki wenzao wakapiga mara mbili kwa siku moja, mbele ya watu wapatao 40,000 kwa jumla, ili kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh. Kwa mizani yangu siku hiyo ndiyo iliyoufundisha muziki wa umati kwamba waweza pia kutoa sadaka.

Sasa niruhusiwe kukaa kidogo mahali ambapo vitabu vya New York hupita upesi. Tangu mwaka 1914 Garden ilikuwa makao ya mashindano ya riadha ya Millrose, yaliyoanzishwa na wafanyakazi wa duka kubwa la Wanamaker. Usiku wa Millrose sakafu iligeuzwa njia ya mbao, fupi hata maili moja ikahitaji mizunguko 11, na konani ikainuliwa kama ubavu wa jahazi lililolaliwa na upepo. Mkimbiaji alisikia nyayo za wenzake zikigonga ubao nyuma yake kama ngoma, na watazamaji wa safu ya kwanza wangeweza kumgusa bega. Katika njia hiyo, mwaka 1975, Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa ameivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka uliotangulia, alishinda maili ya Wanamaker. Mwaka 1981 Mtanzania mwenziwe, Suleiman Nyambui, aliyetoka Olimpiki ya Moscow na nishani ya fedha, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 20.4, muda ambao hapana binadamu aliyekuwa ameufikia ndani ya jumba. Aliizunguka ile pete ya mbao zaidi ya mara 34. Na Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya aliyechukua baadaye uraia wa Marekani, aliishinda maili ile ile mara nane baina ya 2001 na 2010, akampita Eamonn Coghlan wa Ireland aliyeshinda mara saba. Mwaka 2012 Millrose ilihamia jumba jingine la mji, na ubao wa Garden ukanyamaza. Watu wa Afrika ya Mashariki wanayo haki ya kujua kwamba katika sauti zilizolijaza jumba hili zimo nyayo zao.

Uongozi ulipita katika mikono mingi. Mwaka 1977 kampuni ya Gulf and Western ililichukua. Katikati ya miaka ya 1990 likauzwa tena, likapita kwa Cablevision, likaishia kwa familia ya Dolan. Matengenezo makubwa yalifanywa mwaka 1991, kisha baina ya 2011 na 2013, kwa gharama ya dola zipatazo bilioni moja, kazi ikifanywa wakati wa kiangazi katika miaka mitatu mfululizo ili msimu wa timu usikatike. Viti, ngazi na vyumba vyote vilibadilishwa. Dari ya mviringo iliachwa, kwa kuwa ndiyo watu waitambuayo.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1879 | Jina la Madison Square Garden latangazwa, 31 Mei |
| 1890 | Jumba la pili lafunguliwa, 16 Juni |
| 1924 | Mkutano wa Democratic, kura mara 103 |
| 1925 | Jumba la tatu lafunguliwa rasmi, 15 Desemba |
| 1926 | Rangers yaanzishwa |
| 1946 | Knicks yaanzishwa |
| 1968 | Jumba la nne lafunguliwa, 11 Februari |
| 1971 | Ali na Frazier. Tamasha la Bangladesh |
| 1979 | Papa Yohane Paulo II akutana na vijana, Oktoba |
| 1994 | Rangers watwaa kombe la Stanley, baada ya miaka 54 |
| 2013 | Matengenezo makubwa yakamilika |
| 2015 | Papa Fransisko asalisha misa, 25 Septemba |
| 2022 | Burna Boy wa Nigeria aongoza tamasha lake, Aprili |
| 2024 | Billy Joel amaliza mfululizo wa matamasha ya kila mwezi ulioanza Januari 2014, Julai |

Kibali na sakafu

Kibali cha mji cha kuendesha ukumbi mkubwa mahali hapa kilitolewa mwaka 1963 kwa miaka 50. Kilipokwisha mwaka 2013, Baraza la Jiji lilikitoa upya kwa miaka 10 tu; na Septemba 2023 likakitoa kwa miaka mitano, muda mfupi kuliko wote, kwa kuwa stesheni iliyo chini imefinyika mno, na wapo wanaosema haitapata kupumua madhali jumba liko juu yake. Kwa hesabu hiyo kibali kitakwisha mwaka 2028, na jina litatimiza miaka 150 mwaka 2029. Wasafiri wanaobanana katika vichochoro vya chini wana hoja ya haki, na hoja hiyo haistahili kujibiwa kwa kumbukumbu za ndondi.

Wakati huo huo kazi inaendelea kama ilivyokuwa. Hoki ikisha, watazamaji wakiwa bado wanashuka ngazi, wafanyakazi wa zamu ya usiku huingia na makoti yao, maana barafu haiyeyushwi: inabaki pale pale msimu mzima, ikipozwa na mabomba yaliyo chini yake. Hutandaza juu yake mbao nene za kuzuia baridi, moja ikiumana na nyingine. Kisha huleta vipande vya sakafu ya kikapu, huvipanga, huvifunga, na mmoja hupita akivigonga kwa kisigino asikilize kilicholegea. Nguzo za magoli husukumwa mahali pake, na taa hupunguzwa. Kesho jioni mchezaji atadunda mpira pale, na vidole kadhaa chini ya mpira huo, barafu itakuwa ikingoja zamu yake.